Methanoli: Sumu Inayofanana na Pombe

Nasoma kemia, mwaka wa tatu, na kwa sababu hiyo hosteli nzima inaamini kwamba najua kilichomo kwenye kila chupa. Naulizwa kuhusu dawa za mende, krimu za kung'arisha ngozi, hata maji ya betri. Lakini swali linalorudi kila semista, hasa mitihani inapoisha na watu wanatafuta cha kusherehekea kwa bei nafuu, ni hili: "Oya mkemia, ile spiriti ya maabara si pombe tu? Ukiichanganya na juisi si inanyweka?" Wengi huuliza kwa utani. Wachache, ukiwaangalia vizuri, unaona kabisa hawatanii.

Jibu fupi ni hapana, hainyweki. Jibu refu ndilo makala hii, kwa sababu "hapana" bila sababu haimzuii mtu mzima mwenye kiu na mfuko mtupu. Tutazungumza kuhusu kimiminika kimoja kinachoitwa methanoli: ni kitu gani, kinaua vipi, kinashikwaje maabara, na ufanye nini kama rafiki yako amekinywa. Ukisahau yote, kumbuka jambo moja tu: methanoli huwa haiui palepale. Inakupa saa kadhaa za kujiona mzima. Saa hizo ndizo zinazowadanganya watu, na saa hizohizo ndizo zinazoweza kuokoa maisha.

NDUGU WAWILI, TABIA MBILI

Waliosoma sayansi sekondari wanakumbuka familia ya alkoholi. Mdogo kuliko wote ni methanoli, yenye atomu moja ya kaboni, CH3OH. Anayemfuata ni ethanoli, yenye kaboni mbili, na huyo ndiye aliyemo kwenye bia, mvinyo, konyagi, gongo na mbege. Tofauti yao kwenye karatasi ni kaboni moja na haidrojeni mbili. Kwenye mwili wa binadamu tofauti hiyo ni kati ya kuamka na maumivu ya kichwa na kutoamka kabisa, au kuamka huoni.

Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wote wawili hawana rangi, ni wepesi kuliko maji, wanachanganyika na maji kwa kiasi chochote, na wananukia "spiriti". Methanoli inachemka kwenye nyuzi 64.7 za Selsiasi, ethanoli kwenye nyuzi 78 na kitu. Lita moja ya methanoli ina uzito wa gramu 790 hivi, na ya ethanoli ni karibu sawa kabisa. Ukiwekewa bilauri mbili mezani, pua yako na ulimi wako havitakusaidia chochote.

Methanoli ilijulikana zamani kama spiriti ya mbao, kwa sababu ilipatikana kwa kuchoma mbao ndani ya chombo kisicho na hewa na kukusanya mvuke wake. Mwanasayansi Robert Boyle aliitenga kwa njia hiyo mwaka 1661. Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Jean-Baptiste Dumas na Eugène Péligot, wakabainisha imeundwa na nini. Kuanzia mwaka 1923 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi kiwandani, na siku hizi sehemu kubwa hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Omani, kwa mfano, wana viwanda vya methanoli Sohar na Salalah kwa sababu gesi wanayo.

Mbona dunia inaitengeneza kama ni hatari hivyo? Kwa sababu ina kazi nyingi mno. Inageuzwa kuwa formaldehidi, ambayo ndiyo msingi wa gundi za mbao za plaiwudi na MDF. Kitanda chako cha hosteli huenda kina historia ya methanoli ndani yake. Inatumika kutengeneza asidi asetiki, kuyeyushia rangi na vanishi, kutengeneza dizeli ya mimea, na maabara tunaitumia kuchuja na kupima sampuli. Hakuna anayesema tuifute duniani. Tunachohitaji ni kuijua na kuiheshimu.

MWILI WENYEWE NDIO UNAOPIKA SUMU

Hapa ndipo penye utamu wa kemia na uchungu wa maisha. Methanoli yenyewe, ikiingia tumboni, haina ukali mkubwa. Inalewesha kidogo tu, pungufu ya ethanoli. Tatizo linaanza inapofika kwenye ini.

Ini lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja alkoholi. Kikikutana na ethanoli, kinaigeuza hatua kwa hatua mpaka inakuwa asidi asetiki, ileile ya kwenye siki, ambayo mwili unajua kuitumia. Kikikutana na methanoli, kinafuata hatua zilezile kwa uaminifu uleule, ila mazao ni mengine. Hatua ya kwanza inatoa formaldehidi, ndugu wa ile formalini wanayohifadhia maiti. Hiyo haikai, kwa dakika chache inageuzwa kuwa asidi fomiki. Na hapo ndipo msafara unapokwama. Mwili wa binadamu huiondoa asidi fomiki polepole sana, kwa hiyo inazidi kujilundika kadiri saa zinavyokwenda. Panya huimaliza haraka kuliko sisi, ndiyo maana panya si mfano mzuri wa kupimia sumu hii.

Asidi fomiki inafanya mabaya mawili. Kwanza, inaifanya damu iwe na asidi kupita kiasi, na mgonjwa anaanza kuhema harakaharaka kama aliyekimbia, kwa sababu mapafu yanajaribu kuitoa asidi hiyo kwa njia ya hewa. Pili, inaingia ndani ya seli na kuzuia hatua ya mwisho ya kutumia oksijeni. Oksijeni ipo kwenye damu, lakini seli haziwezi kuitumia. Sehemu zinazohitaji nishati nyingi ndizo zinazoumia mapema: neva ya jicho, retina, na baadhi ya sehemu za ndani za ubongo. Ndiyo maana watu wanaonusurika methanoli mara nyingi wanabaki vipofu, au mikono inatetemeka na mwendo unakuwa mgumu maisha yao yote.

Kwa maneno mengine, unachokunywa ni malighafi tu. Kiwanda cha sumu ni ini lako.

HESABU YA VIJIKO NA HESABU YA SAA

Watu huuliza, "Kiasi gani?" Vitabu vya tiba ya sumu hutaja mililita 10 za methanoli halisi kuwa zinaweza kupofusha, na kama mililita 30 kuwa zinaweza kuua, ingawa kuna waliokufa kwa pungufu na walionusurika kwa zaidi. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa hiyo tunazungumzia vijiko viwili kwa macho yako. Toti moja ya baa inatosha kwa lile la pili.

Sasa njoo kwenye saa. Mtu akinywa methanoli saa 4 usiku, anaweza kulewa kidogo, kucheka, kucheza muziki, na kwenda kulala. Asubuhi anaamka na uchovu, kichwa kinauma, tumbo linasokota, anatapika. Wenzake wanasema, "Mwache, hiyo ni hangova, mpe supu." Kumbe dalili halisi huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kunywa, na zinaweza kuchelewa zaidi kama alikunywa na pombe ya kawaida pamoja. Kisha macho yanaanza. Anaona ukungu, au weupe mtupu kama runinga iliyokosa mawimbi, au taa zinamuumiza. Anahema kwa kasi. Anachanganyikiwa. Mwishowe anapoteza fahamu.

Angalia mtego ulivyo. Hangova ya kawaida inapungua kadiri siku inavyosonga. Sumu ya methanoli inazidi kadiri siku inavyosonga. Hiyo ndiyo alama kubwa ambayo mwanachuo asiye daktari anaweza kuitumia: mlevi aliyekuwa anapata nafuu kisha hali inageuka kuwa mbaya zaidi mchana au jioni ya siku ya pili, na hasa akilalamikia macho, huyo si wa kupewa supu. Huyo ni wa hospitali, sasa hivi.

YALIYOWAKUTA MAJIRANI

Haya si mambo ya vitabuni tu. Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walifariki kwa pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza macho. Aprili 2010, kusini-magharibi mwa Uganda, makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye methanoli. Mwaka 2014 Kenya ikapigwa tena, safari hii kwenye kaunti kadhaa kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa 2020 nchini Iran, wakati wa hofu ya Korona, mamia ya watu walikufa baada ya uvumi kwamba pombe inaua virusi mwilini. Walichokunywa kilikuwa methanoli.

Na usidhani ni janga la maskini peke yao. Novemba 2024 katika mji wa Vang Vieng, Laos, watalii 6 walifariki kwa sumu hii baada ya matembezi ya usiku. Kadhaa kati yao walikuwa vijana wa rika letu, kutoka nchi zenye hospitali nzuri na pesa za kununua kinywaji chochote.

Kuna maneno mtaani kwamba methanoli inatokea kwenye gongo kwa sababu mpishi "hakumwaga ile ya kwanza". Maneno haya yana ukweli mdogo tu. Uchachushaji wa matunda hutoa methanoli kidogo, na ule wa sukari au nafaka hutoa kidogo zaidi. Kiasi hicho kwa kawaida hakifiki cha kuua kijiji. Maafa makubwa kama haya karibu kila mara yana mtu aliyeongeza methanoli ya kiwandani kwa makusudi, kwa sababu ni rahisi kuliko ethanoli na haitozwi kodi ya pombe. Wakati mwingine hata mwongezaji hajui. Ameuziwa pipa limeandikwa "spiriti" na yeye akaamini. Kwa hiyo hakikisho la muuzaji kwamba "hii tumepika wenyewe, safi" halina thamani kama hujui kilichoongezwa baada ya kupika.

"MIMI NAWEZA KUITAMBUA"

Huwezi. Naomba nieleze kwa nini, maana hapa wasomi ndio wanaojidanganya zaidi.

Kuna wanaowasha. Wanasema pombe safi inawaka bluu, yenye sumu inawaka rangi nyingine. Methanoli inawaka bluu hafifu na ethanoli inawaka bluu pia. Mchanganyiko wa ethanoli yenye methanoli ya kuua unawaka kama ethanoli tu.

Kuna wanaonusa na kuonja. Tumeshaona kwamba harufu na ladha havitofautishi.

Halafu kuna wenzangu wa sayansi, waliofanya jaribio la iodofomu kidato cha sita. Unaongeza iodini na alkali. Ethanoli inatoa chembechembe za njano, methanoli haitoi. Kijana anasema, "Basi nikipata njano, niko salama." Fikiri tena. Njano inakuambia ethanoli ipo. Haikuambii methanoli haipo. Pombe yenye nusu ethanoli na nusu methanoli itakupa njano nzuri kabisa, na itakuua. Jaribio ni zuri, swali lililoulizwa ndilo lenye makosa. Kujua kwa uhakika kunahitaji mashine ya kutenganisha gesi au vipimo vingine vya maabara vyenye kulinganisha, si kiberiti cha jikoni.

Vilevile usiamini chupa ya spiriti ya dukani kwa sababu tu ni ya kusafishia vidonda au kuwashia jiko. Baadhi ya spiriti hizi ni ethanoli iliyotiwa methanoli makusudi ili watu wasinywe. Neno "spiriti" kwenye lebo si mwaliko. Ni onyo.

MOTO USIOONEKANA

Tukitoka kwenye kunywa, tuingie maabara, ambako hatari ya kwanza ya methanoli ni moto.

Mvuke wa methanoli unaweza kushika moto kuanzia nyuzi kama 11 za Selsiasi. Dar es Salaam hatujawahi kufika huko chini, kwa hiyo kwetu chupa iliyo wazi iko tayari kuwaka saa 24. Mvuke huo unalipuka ukiwa kati ya asilimia 6 na 36 ya hewa. Linganisha na petroli, ambayo eneo lake ni kati ya asilimia 1 na 8 hivi. Methanoli inahitaji mvuke mwingi zaidi kuanza, lakini uwanja wake wa kulipuka ni mpana mno. Pia mvuke wake ni mzito kidogo kuliko hewa, unaweza kutambaa juu ya meza mpaka ukutane na cheche ya swichi au moto wa kichomeo cha meza ya pili.

Kibaya zaidi, mwanga wa jua ukiwepo, moto wake karibu hauonekani. Hauna moshi mweusi wala manjano ya kukushtua. Mwaka 1981, kwenye mashindano ya magari ya Indianapolis 500 kule Marekani, ambako magari yalikuwa yanatumia methanoli, dereva Rick Mears alishika moto wakati gari linajazwa mafuta. Watazamaji waliona mtu anaruka na kujipigapiga, hawakuona anachopambana nacho. Alikuwa anaungua kwa moto usio na rangi.

Ajali nyingine inatuhusu moja kwa moja kwa sababu ilitokea darasani. Januari 2014, katika shule moja ya sekondari New York, mwalimu alikuwa anaonyesha jinsi chumvi za metali zinavyotoa rangi tofauti kwenye moto, akiongeza methanoli kutoka kwenye chupa kubwa. Mvuke ukashika, moto ukaruka hadi kwa wanafunzi, na mmoja aliungua vibaya sana. Baadaye mwaka huohuo bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za kemikali ilitoa taarifa ya mafunzo kutokana na ajali za aina hiyo. Somo kubwa ni rahisi: chupa kubwa ya methanoli haikai karibu na moto, wala haimiminwi juu ya kitu kinachowaka au kilichozimika sasa hivi. Rangi zilezile za moto unaweza kuzionyesha kwa kijiti kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi husika. Hakuna haja ya kumimina kimiminika kinachowaka.

KUISHIKA KWA USALAMA

Nilipokuwa fildi kwenye kiwanda kimoja cha rangi, fundi mzee wa stoo alikuwa na msemo wake. Akikuta chupa isiyo na lebo, hata iwe ya maji ya kunywa, haigusi, anaita watu. Nilipomuuliza sababu, akanijibu, "Mwanangu, chupa isiyo na jina ni ya sumu mpaka ithibitike vinginevyo." Siku hiyohiyo nilikuwa nimeona kiyeyushio kimewekwa kwenye chupa ya soda pembeni ya meza ya chai. Nikamwelewa vizuri.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni lebo. Methanoli inabaki kwenye chupa yake. Ukihamishia kwenye chombo kingine, andika jina kamili, nguvu yake, tarehe na jina lako. Chupa za maji na soda ni marufuku kabisa. Chupa halali ya methanoli ina alama tatu ndani ya almasi zenye mpaka mwekundu: moto, fuvu na mifupa, na kifua cha mtu chenye nyota. Ukiziona zote tatu pamoja, ujue unashika kitu gani. Barabarani, lori la tangi lenye namba 1230 kwenye bamba lake limebeba methanoli.

Pili, ngozi. Methanoli haihitaji mdomo ili iingie mwilini. Inapita kwenye ngozi. Glovu nyembamba za mpira zile za hospitali haziizuii kwa muda mrefu. Glovu za nitrili zinasaidia kwa matone ya bahati mbaya, lakini ukilowana, vua na ubadilishe palepale. Kazi ndefu inahitaji glovu nzito za mpira wa butili. Miwani ya kinga ni lazima, na koti la maabara lifungwe vifungo.

Tatu, hewa. Fanyia kazi kwenye kabati la kuvuta mvuke, lile lenye feni na kioo cha kushusha. Kiwango kinachokubalika mahali pa kazi ni sehemu 200 kwa milioni za hewa kwa wastani wa saa nane. Pua yako si kipimo: wengine wanainusa mapema, wengine kwa kuchelewa sana, na ukikaa nayo pua inazoea. Kama feni haifanyi kazi, kazi haifanyiki. Mwambie mwalimu bila aibu.

Nne, moto. Kabla ya kufungua chupa, angalia kama kuna kichomeo kinachowaka chumbani, siyo tu mezani kwako. Ukitaka kuipasha, tumia maji ya moto au kipashio cha umeme kisichotoa cheche. Chukua kiasi cha kazi yako tu, funga chupa, irudishe kabatini. Usiihifadhi pamoja na vioksidishaji kama asidi nitriki, pamanganeti au peroksidi.

Tano, taka. Usimwage kwenye sinki. Mvuke unaweza kukaa kwenye bomba la maji machafu na kuwaka mbali na ulipo. Kuna chombo cha taka za kiorganiki. Kama hakipo, hilo ni swali la kumuuliza mkuu wa maabara.

Ukitaka maelezo kamili, kila kemikali inayouzwa kihalali ina karatasi yake ya taarifa za usalama. Tanzania, kemikali za viwandani na majumbani zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003. Karatasi ile si pambo la ukutani. Isome kabla ya jaribio, hasa sehemu ya huduma ya kwanza.

IKITOKEA

Imemwagika kwenye ngozi: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 angalau. Imeingia jichoni: fungua kope, mwagia maji safi kwa dakika hizohizo, kisha nenda kwa daktari. Umevuta mvuke na kichwa kinazunguka: toka nje kwenye hewa safi, na mtu akusindikize.

Imewaka: kumwagia kikombe cha maji kunaongeza tu ujazo wa kimiminika kinachowaka na kukisambaza. Tumia kizima moto cha unga au cha kabonidioksidi. Moto mdogo ndani ya bika unaweza kuuzima kwa kuufunika. Kama umezidi uwezo wako, toeni watu, pigeni 114 kuita Zimamoto, na muwaambie wazi kwamba ni methanoli ili waje na povu linalofaa.

Imenyweka: hapa hakuna kusubiri dalili. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ukidhani yatavuta sumu. Mpeleke hospitali, beba chupa au masalio ya kinywaji, na mtamkie daktari neno hilo mapema: "Tunahofia methanoli." Neno hilo ni muhimu kwa sababu kwa macho mgonjwa anafanana na mlevi wa kawaida, na usiku wa wikiendi walevi wa kawaida ni wengi. Kisha tafuteni wote waliokunywa chupa ileile, hata wanaojisikia vizuri. Hasa hao wanaojisikia vizuri, maana bado wako kwenye zile saa ambazo tiba inafanya kazi vizuri zaidi.

Tiba ipo, na mantiki yake ni nzuri. Kwa kuwa sumu inatengenezwa na kimeng'enya cha ini, daktari anakiziba. Kuna dawa iitwayo fomepizoli, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, lakini ni ghali na si kila hospitali inayo. Mbadala wake ni ethanoli, kwa dozi inayopimwa, kwa sababu kimeng'enya kinaipenda ethanoli kuliko methanoli. Kikiwa na kazi ya ethanoli, methanoli inabaki bila kuguswa na inatoka polepole. Pia anatoa baikaboneti kupunguza asidi, vitamini ya foliki kusaidia kuiondoa asidi fomiki, na kwa waliozidiwa anatumia mashine ya kusafisha damu.

Najua mtu ataruka hapo: "Kumbe dawa yake ni pombe? Basi nikimpa konyagi hosteli yameisha!" Hapana, ndugu yangu. Hospitali wanapima damu, wanahesabu dozi kwa saa, wanaangalia sukari na pumzi. Hosteli unamwongezea mlevi ulevi, unaficha dalili, na unazipoteza saa zake.

TUNACHOWEZA KUFANYA HAPA CHUONI

Mambo matatu hayahitaji bajeti kubwa. Serikali ya wanafunzi iombe kila idara yenye maabara ikague chupa zisizo na lebo mwanzoni mwa kila semista, na wanafunzi washiriki kwenye ukaguzi huo. Mafunzo ya mwaka wa kwanza yawe na nusu saa ya kuonyesha kwa mikono jinsi ya kutumia kizima moto na sehemu ya kuoshea macho. Wengi tunazipita kila siku bila kujua zinafunguliwaje. Na wawakilishi wa hosteli wawe na namba ya zahanati ya chuo na ya dereva wa gari la wagonjwa kwenye simu zao, pamoja na sentensi moja ya kukumbuka: mlevi anayezidiwa siku ya pili, au anayesema haoni vizuri, anapelekwa hospitali bila kikao.

Na wewe uliyeniuliza kuhusu juisi na spiriti ya maabara, jibu bado ni hapana. Ukiwa na chupa ya aina hiyo chumbani kwako sasa hivi, irudishe maabara kesho asubuhi. Mtaalamu wa maabara ataipokea. Mimi mwenyewe nitakusindikiza ukitaka.